Tunaorudi Masisi, tuulize orodha ya askari iko kwa nani

Tangu mazungumzo ya Doha kati ya serikali ya Kongo na waasi wa M23 yaanze, sisi wa Masisi, Kivu Kaskazini, tulio mbali tunabishana nani atapewa wizara gani. Waziri anaweza kufutwa kazi kwa tangazo la redioni. Kinachotisha ni kikosi kinachoingia jeshini kikiwa kizima, na kamanda wake yuleyule.

Brasaji, yaani kuwachanganya wapiganaji wa pande zote katika jeshi moja baada ya mkataba wa amani wa 2002, ilikuwa na mpango mzuri: mpiganaji anafika kituoni, anakabidhi silaha, anaandikishwa, anachagua jeshi au uraia. Wa jeshi wanachanganywa na maadui wao wa jana na kupangiwa mbali na walikopigania. Kamanda wa waasi Laurent Nkunda alikataa kujiunga, na Juni 2004 majeshi yake na ya Jules Mutebutsi yakaiteka Bukavu. Mwaka 2007 serikali ikalegeza kamba, ikaja mikisaji: brigedi tano, Alfa hadi Eko, zilizochanganywa na kuachwa hapohapo Kivu. Mwaka haukuisha, vita vikarudi.

Kwa mkataba wa tarehe 23 Machi 2009, CNDP, kundi la waasi aliloanzisha Nkunda, iliingizwa tena jeshini, kwa pupa. Bosco Ntaganda, aliyekuwa akisakwa na mahakama ya ICC, akawa jenerali. Sare zilikuwa za serikali, amri zikitoka kwa wakubwa wa zamani. Askari hao walipoambiwa watahamishiwa mikoa mingine, waligoma. Aprili 2012 wakaasi, na tarehe 20 Novemba wakaingia Goma. Jina M23 ni la tarehe ile ya mkataba.

Fundo lenyewe liko kwenye mshahara. Kamanda akishika orodha na fedha pia, askari 300 anawaandika 500. Mshahara wa wale 200 hewa unabaki kwake, na wale hai wanamtii yeye tu, kwa kuwa bahasha inatoka mkononi mwake. Dawa inajulikana, na Umoja wa Ulaya ulisaidia kuianzisha Kongo: kuhesabu askari mmoja mmoja kwa alama za vidole, kumpa kadi, kisha kutenganisha njia ya fedha na njia ya amri. Mkataba usiotaja hilo, pamoja na idadi ya silaha zitakazokabidhiwa na mahali kila kikosi kitakapopelekwa, haujamaliza kazi.

Halafu bariyeri, vizuizi vya barabarani. Kamba imefungwa miti miwili, kijana mwenye bunduki kando, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, mwenye magunia ya makaa anasimama, analipa, kamba inashushwa. Baada ya 2009 CNDP waliendelea kutoza hivyo wakiwa tayari askari wa taifa, na kikosi chenye mapato yake hakiiogopi Kinshasa.

Kwa hiyo kabla ya kupakia mizigo, mpigieni dereva anayepita Sake, kwenye njia ya Goma kwenda Masisi, kila wiki. Mwulizeni bariyeri ni ngapi, risiti inatolewa au haitolewi, na jina gani limeandikwa juu yake.