Siku moja maishani mwangu: sekunde 40 za kongosho

Saa 1 asubuhi. Kabla sijakaa, nafungua orodha ya wagonjwa nitakaowapiga picha. Wa kwanza ni MRI (picha za ndani ya mwili kwa sumaku) ya kongosho: mzee mwenye macho ya manjano, haumwi popote, na ultrasaundi imeonyesha mirija ya nyongo imetanuka. Natazama majibu ya figo, maana ndizo zitakazoitoa mwilini dawa ya gadolini, ile ya kung'arisha picha.

Saa 2. Kaja na njaa, kama alivyoagizwa. Namuuliza habari za vyuma mwilini: kifaa cha mapigo ya moyo, klipu za upasuaji, chembe za chuma machoni. "Si nimeshakujibu, mwanangu?" Vumilia, baba. Mlangoni nitauliza tena.

Saa 2 na nusu. Hapa ndipo penye kazi. Picha za kwanza napiga bila dawa, mng'ao wa mafuta ya mwili ukiwa umezimwa. Kongosho lisilo na ugonjwa hung'aa lenyewe. Tunajaribu pumzi: vuta, toa, bana. Kisha pampu inasukuma dawa, mililita 2 hivi kwa sekunde, na maji ya chumvi nyuma yake. Zikitimia kama sekunde 40, kongosho limejaa dawa, lakini saratani ya mirija yake, ambayo hupata damu kidogo, inabaki na weusi wake. Nikichelewa, weusi huo hufifia na uvimbe mdogo waweza kunipita. Karibu na sekunde 70 narudia kwa ajili ya vena na ini, halafu tena baada ya dakika chache. (Uvimbe wa seli za homoni ni kinyume: mara nyingi huwaka mapema.)

Saa 4. Daktari wa radiolojia ananionyesha doa kwenye kichwa cha kongosho. Mrija wa nyongo na wa kongosho, yote miwili imetanuka na kukomea hapo. Yeye sasa anahangaika na ateri ya utumbo: uvimbe umeigusa tu, au umeizunguka zaidi ya nusu? Upasuaji unategemea hilo. Kinyama cha kupimwa bado kitachukuliwa kwenye doa hilo, kwani kongosho lililovimba siku nyingi linaweza kufanana na saratani.

Mchana: magoti, migongo.

Saa 10. Mama wa kifuko cha maji kwenye kongosho, amerudi kufuatiliwa. Pumzi yake fupi, hivyo nafupisha kila picha. Kifuko hakijakua, na ukuta wake haujaota kinundu. Daktari anaandika ripoti. Mimi nafuta meza.