Tafakari ya wiki: Tukutane Aso

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Somo la wiki hii ni fupi, Matendo ya Mitume 20:13-14, mtume Paulo akitoka mji wa Troa kwenda mji wa Aso, ila mkipata nafasi anzieni mstari wa 7 mpate mtiririko.

Mimi na baba watoto tulipata likizo, siku chache tu, tukaenda mji mmoja wa pwani ambao wote wawili hatukuwahi kufika. Kusafiri sisi wawili bila mtoto, bila msiba, bila harusi ya mtu, ni zamani mpaka njiani tulikuwa tunabishana mara ya mwisho ilikuwa lini. Sasa baba watoto ni mtu wa listi. Usiku kabla hatujalala alishapanga kwenye simu sehemu tisa za kutembelea, ngome ya zamani, makumbusho, mnara wa taa, kanisa la kale, bandari, sijui nini tena, na kila moja ina dakika zake. Mimi kilichonipeleka kule ni bahari. Nilitaka nikae niitazame, basi.

Kufika saa sita mchana tushamaliza sehemu nne na mimi sikumbuki hata moja. Nakumbuka mgongo wake tu, maana yeye mbele mimi nyuma nakimbilia, nikisimama kuangalia kitu nasikia "twende mama, tutachelewa". Kuchelewa wapi jamani, si tuko likizo! Kwenye ngazi za kushukia baharini ndala yangu ikakatika kamba, hapo ndo nikapata pa kuanzia. Nikakaa chini nikasema siendi popote. Akasema ndo maana hatusafiri, kila kitu wewe hutaki. Nikamjibu na ya mwaka juzi. Nisiwafiche wapendwa, tuligombana pale mbele za watu, tena kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu.

Mwisho akanyamaza, akaangalia saa. "Basi mama, wewe kaa. Mi naenda ngome. Saa tisa tukutane chini ya mnara wa taa." Nikasema sawa. Akaniachia chupa ya maji, akaondoka.

Kwa kweli nusu saa ya kwanza sikuona bahari yoyote, nilikuwa nampangia maneno. Halafu nikashtuka, maji yako wapi? Alfajiri tulipochungulia dirishani yalikuwa yanapiga kwenye ngazi hizi hizi, sasa yamekwenda kule mbali, yameacha mchanga na matope na mashua zimelala ubavu. Sehemu nyingi za dunia bahari iko hivyo, inajaa inakupwa, kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama masaa sita na dakika kidogo, na nguvu kubwa inayoyavuta yale maji ni ya mwezi. Nilifundishwa shule hayo, nikajibu mtihani, nikasahau. Kuyaona ni kitu kingine.

Karibu yangu kulikuwa na mzee anakwangua tumbo la mashua yake, yale magamba yanayoganda chini. Hakuwa na haraka ila hakusimama pia, maana kazi hiyo inafanyika maji yakiwa yameondoka, yakirudi ndo basi. Akamaliza upande mmoja, akakaa juu ya ndoo, akasubiri. Maji yakaanza kurudi kidogokidogo, yakaingia chini ya mashua, ikatikisika, ikalala tena, ikatikisika, halafu ghafla ikasimama wima kama mtu aliyeitwa jina. Ilikuwa imebaki robo saa tu kufika saa tisa na mimi sikujua muda umeenda vipi.

Sasa turudi kwa Paulo. Yuko Troa, amehubiri usiku kucha mpaka alfajiri, yule kijana Eutiko amesinzia dirishani akaanguka kutoka orofa ya tatu, wamemwokota amekufa, amerudishiwa uhai. Usiku ulikuwa mzito. Asubuhi wenzake wanapanda merikebu kwenda Aso, na mstari wa 4 unataja 7 waliokuwa kwenye msafara, wakiwemo Timotheo na Trofimo, na Luka mwenyewe yumo maana anaandika "sisi". Paulo anawaambia tangulieni, mimi nakwenda kwa miguu. Watakutana Aso.

Kwa nini? Luka hasemi. Sisi wahubiri tunapenda kujaza hapo, oh alikuwa anaomba, oh alikuwa anawaza vifungo vinavyomsubiri Yerusalemu. Inawezekana. Inawezekana pia alikuwa amechoshwa na sauti za watu, na ya kwake mwenyewe ikiwemo! Kinachonigusa mimi ni kwamba hakuna aliyenuna. Hakuna aliyesema mbona unajitenga, au hutupendi. Mstari wa 14, amewakuta Aso, wakampakia, wakaenda Mitilene. Luka anaendelea na orodha yake ya vituo, Kio, Samo, Mileto (naye alikuwa mtu wa listi, nikacheka nilipoona hivyo).

Kwenye semina za ndoa tunafundishwa wawili wafanye kila kitu pamoja, na mimi nimefundisha hivyo kwa miaka, na Amosi 3:3 nikawapigia, "Je! Watu wawili waweza kutembea pamoja, wasipokuwa wamepatana?" Ila lile neno la Kiebrania lililotafsiriwa kupatana lina maana pia ya kuwekeana miadi, kupanga mahali na wakati wa kukutana. Nililisoma zamani halikuniingia. Siku ile kwenye ngazi, na ndala mkononi, ndo likaingia. Sisi asubuhi nzima tulikuwa pamoja na hatukuwa tumepatana chochote. Mchana tukatengana, na hapo ndo tulikuwa na miadi.

Naomba nisieleweke vibaya hapa. Sisemi kila mtu aende kivyake, maana wapo wengi wanaachana Troa na hakuna aliyetaja Aso, huyu na simu yake huyu na rafiki zake, miaka inaenda, wanalala kitanda kimoja. Hiyo sio ninayoisema. Paulo alipanga kwanza, ndo akaanza kutembea.

Basi saa tisa nikafika mnarani, peku, ndala nimeishika. Hayupo. Saa tisa na robo hayupo. Nikapiga simu, haipatikani. Na ule moyo wangu mzuri wa mashua wote ukaisha, nikaanza hofu, halafu hasira, halafu hofu tena. Saa tisa na nusu namuona anakuja anatota jasho, simu imeisha chaji kwa kupiga picha, amepotea kwenye vichochoro akauliza watu watatu njia ya mnara. Kumbe kama tusingetaja mahali, tungetafutana mpaka usiku. Mkononi ana ndala mpya. Saizi sio, kubwa, nikazivaa hivyo hivyo.

Hakuna aliyesema samahani kwa mdomo, nawaambia ukweli. Tulikaa pale kwenye kivuli cha mnara akanieleza ngome yote, unene wa kuta, matundu ya mizinga, chumba cha wafungwa chenye dirisha dogo linalotazama bahari ambapo alisimama muda mrefu akakumbuka Paulo na Sila gerezani, akaimba kidogo peke yake akaona aibu. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumsikia akiongea hivyo kuhusu jengo. Nami nikamweleza ya mzee na ndoo na mashua iliyosimama. Akaniuliza ilisimama ghafla au polepole. Nikamwambia polepole, halafu ghafla. Zile sehemu zilizobaki kwenye listi hakuna aliyezitaja.

Kesho yake alfajiri ndo yeye akaniamsha. Twende nikaione hiyo mashua yako. Tukashuka ngazi, maji yamejaa mpaka juu, pale ilipokuwa pako wazi. Akasema sasa iko wapi? Nikamwambia imeenda kazini.