Uzi wa nne

Harufu niliikuta getini. Risasi ya kuchomelea inayeyuka, na ule utomvu wa msonobari uliomo ndani yake unatoa moshi mwembamba unaokereketa koo. Nikajua kijana amefungua amplifaya tena. Nikamkuta sebuleni, meza ya mama yake ametandika gazeti, skrubu zote ziko kwenye kisosi cha chai.

"Baba, shikamoo. Zimebaki kapasita tatu tu. Naomba elfu sitini."

"Ukizibadilisha itakuwaje?"

"Itatoa sauti kama ya kwenye ile video."

Nilifungua kinywa nimjibu, nikaikumbuka Kibosho, nikakifunga.

Mwaka ulikuwa 1995. Bendi yetu ya Pasua, pale Moshi, wengine mnaikumbuka, sina haja ya kuwaaibisha wenzangu ambao sasa ni wazee wa kanisa. Mimi nilipiga solo, au ndivyo nilivyojiita. Tulikuwa na kanda moja ya OK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo, imenakiliwa kutoka kanda nyingine iliyonakiliwa kutoka nyingine, na humo ndani, katikati ya solo na rizimu, kulikuwa na gita la tatu. Sauti yake nyembamba, inametameta, kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Nilikesha naitafuta. Noti nilizipata zote, sauti haikuja. Nikafikia uamuzi ambao kila kijana wa miaka ishirini angeufikia: vidole vyangu havina kasoro, mbovu ni mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa amplifaya ya Kimarekani ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Niliinunua kwa mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao. Ilitengenezwa kwa volti 120 na umeme wetu ni 230, kwa hiyo ilitembea na transfoma yake pembeni, nzito kama tofali la saruji. Nikaipeleka kwa fundi redio aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Mbuyuni.

Fundi yule hakugusa kitu kabla ya kuniamuru nirudi nyuma. Alichomoa waya ukutani, akatia mkono wa kushoto mfukoni, na kwa ule wa kulia akagusisha bisibisi yenye mpini wa plastiki kwenye kapasita kubwa, kifaa kinachotunza umeme. Paa! Cheche ikaruka, na umeme ulishachomolewa. "Humu unalala umeme wa zaidi ya volti mia tatu," alisema. "Mkono mmoja ukae mfukoni, ili ukikurusha usipitie moyoni kwenda mkono wa pili."

Tulianza na kapasita zinazovusha sauti kutoka valvu moja kwenda nyingine. Kubwa inapitisha besi nyingi, ndogo inaibana besi, sauti inabaki nyembamba. Mimi nilitaka nyembamba. Tukatoa za mikrofaradi 0.1 tukaweka 0.022. Wiki mbili baadaye tukashuka hadi 0.01. Kila mara nilipanda nayo nyumbani, nikapiga, nikaisikia tofauti kabisa. Na tofauti ilikuwepo, sikatai. Ilidumu kama siku mbili hivi.

Safari ya tatu fundi aliweka chini chuma chake cha moto, akaniangalia. "Mangi, hela yako naipenda. Lakini leo hebu kwanza piga nisikie."

Nikamwambia pale barabarani kuna kelele.

Ikaja Desemba, Wachaga wamepanda kuhesabiwa, harusi kila kilima. Tukaitwa Kibosho. Nilipanda na Hiace huku nimeipakata amplifaya kama mtoto mgonjwa. Tulipiga nyimbo nne, na watu wakaendelea kula. Sio kwamba walituchukia, hapana, walikula tu. Ndafu ilikuwa imeshakatwa na mbege inazunguka, nani ashindane na hivyo?

Tulipopumzika akaja mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, koti la kijivu, kofia ameishika mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo gita ni la kwako? Una uzi mwembamba wa akiba? Namba moja."

Ninao, upo kwenye bahasha yake ya karatasi. Akakaa juu ya kreti la soda, akalilaza gita mapajani, na akaanza kuulegeza uzi wa nne. Sio wa kwanza. Wa nne, ule mnene wa re. Nikataka kusema amekosea, adabu ikanizuia. Aliutoa taratibu, akauzungusha kwenye vidole vitatu ukawa kama pete, akautumbukiza mfukoni mwa koti. Kidole chake cha shahada kilikuwa na kovu la panga, na ukucha ulikuwa umeota upande. Akapitisha ule uzi mwembamba mahali pa ule mnene. Ukawa unachezacheza, kwa kuwa tundu lilikuwa kubwa kuliko uzi. Akatoa pakiti ya sigara, akachana kile kikaratasi cha fedha, akakikunja mara mbili, akakishindilia tunduni kwa ukucha ule ule ulioota upande. Kisha akabana uzi wa pili kwenye freti ya tatu, akausikiliza, akakaza ule wa nne mpaka ukalia sawa na huo. Re, lakini re ya juu, oktavu nzima juu ya pale ilipokuwa.

Alikwenda kwenye amplifaya akavirudisha vitasa vyote katikati, hata hakuvitazama. Akapiga.

Ilikuwa yenyewe. Mvua juu ya bati. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kando ya chungu cha mbege alisimama, kata bado ipo mkononi, mabega yakaanza kwenda. Mpiga besi wetu akamfuata mzee bila kuulizwa. Mimi, na hili sijawahi kumwambia mtu, nilizunguka nyuma ya amplifaya kuangalia kama kuna kitu kimebadilika.

Miaka mingi baadaye nilijua Wakongo wana jina la ufundi huo, wanauita mi-composé. Usiku ule nilichojua ni hesabu: elfu kumi na nane kwa fundi, na uzi mmoja wa shilingi mia tatu.

"Kumbe ni uzi!" nilimwambia alipomaliza.

Akacheka, akanikabidhi gita. "Haya, piga."

Uzi ule ule, amplifaya ile ile, kikaratasi cha sigara kile kile. Nikapiga kitu nilichokijua usingizini. Ule uzi wa juu ukawa unajitokeza mahali usipotakiwa, kama mtoto anayedakia maongezi ya wakubwa. Bibi akakaa.

Mzee hakunicheka safari hii. Aliniambia kwamba zamani, kabla wanamuziki ndugu kina Kinyonga hawajavuka kwenda Kenya mwaka 1971 na kuwa bendi ya Simba Wanyika, alikuwa anakwenda Arusha kuwatazama wakiwa bado Arusha Jazz. Anakaa jirani na wapiga magita, hachezi, hanywi, anatazama mikono. Nikadhani hapo nimeshapewa jibu, na nusu ya usiku nililibeba kwa unyonge unaostahili: ni mikono, basi.

Tulipokuwa tunakusanya nyaya akarudi. Akainama nyuma ya amplifaya, akaangalia valvu zikipoa, ule wekundu unafifia. Akasogeza pua karibu kama anayenusa chungu jikoni.

"Humu umeweka kapasita za ngapi?"

"0.01, mzee."

"Ndiyo maana. Yangu inavuma sana, inameza nyuzi nyembamba." Akavaa kofia. "Huyo fundi wako anapatikana wapi?"

Nikamwelekeza, Mbuyuni, kibanda cha pili baada ya wauza ndizi. Akashukuru akaondoka, na uzi wangu wa nne umo mfukoni mwake hadi leo.

Kijana alikuwa bado ananitazama, chuma cha moto mkononi.

"Hebu kwanza piga nisikie," nikamwambia.

"Baba, si unaona imefunguliwa?"

Nikampa arobaini. Nilipofika mlangoni niligeuka nikamwambia mkono wa kushoto auweke mfukoni. Alidhani namtania.