Usiku wa kwanza wa homa

Mvua za Novemba zimeshaanza Kigoma. Mashimo ya matofali yanashika maji, na baada ya majuma machache foleni kwenye zahanati zitarefuka hadi mvua zikatike mwezi wa tano. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano karibu 24 katika kila 100 mkoani hapa. Ule wa 2022 ukaikuta Tabora, jirani yetu, ikiongoza kwa takriban 23 katika kila 100, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 8.

Jambo linalotukaa moyoni msimu huu ni hili: tumezoea kuita uhamasishaji wa malaria ule mkutano wa turubai, spika na fulana. Mkutano una kazi yake. Lakini mtoto hushikwa na homa saa 2 usiku, mkutano umeshasahaulika na zahanati imefungwa. Kwa mtoto mdogo, malaria inaweza kugeuka malaria kali ndani ya saa 24. Kwa hiyo kijiji kilichohamasika tunakitambua kwa maswali matatu: usiku huo nani ataitwa, nani ana kipimo, na chombo gani kitambeba mtoto? Kitongoji kisichoweza kuyajibu kwa majina bado hakijajiandaa, hata kama kilicheza ngoma mpaka jioni.

Chombo kwanza, maana ndicho kinachokwamisha wengi. Nauli ya bodaboda ya usiku ipangwe mchana, kwenye kikao, na dereva mwenyewe akiwepo. Mfuko wa kitongoji umlipe, familia irudishe kidogo kidogo. Vijiji vya mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, ambako njia ni ziwa, vinahitaji petroli ya akiba kwenye dumu lenye alama, chini ya mtu mmoja anayejulikana. Petroli isiyo na mwenyewe huishia kwenye uvuvi.

Halafu degedege. Bado ziko familia zinazoamini kwamba degedege ni la mganga wa kienyeji, na kwamba mtoto akichomwa sindano likiwa limempanda atakufa. Kubishana na bibi mbele ya watu hakusaidii. Kinachosaidia ni kwenda kwa mganga mwenyewe kabla ya msimu, kwa heshima, na kukubaliana naye kwamba mtoto wa degedege anapelekwa zahanati usiku huo huo. Nyumbani alazwe kwa ubavu, asiwekewe kijiko mdomoni, asinyweshwe kitu chochote, asimwagiwe maji baridi. Dalili nyingine zisizosubiri asubuhi ni kulegea asiamke vizuri, kushindwa kunyonya, kutapika kila anachopewa, kupumua kwa shida, viganja kuwa vyeupe, na mkojo kuwa mweusi kama kahawa. Pale ambapo mhudumu wa afya ya jamii amefundishwa na kuruhusiwa, mtoto wa chini ya miaka sita huwekewa artesuneti, dawa ya malaria, kwa njia ya haja kubwa kabla ya kuondoka. Dawa hiyo inanunua muda tu. Mzazi akiona homa imeshuka na kurudi nyumbani, hatari imebaki pale pale.

Kipimo cha haraka kina makosa yake yanayojirudia. Pakiti hufunguliwa mapema, unyevu ukaingia. Boksi huwekwa chini ya bati, joto likakiharibu. Matone ya maji yake hukadiriwa kwa jicho badala ya kufuata karatasi iliyomo ndani. Na mara nyingi jibu husomwa baada ya dakika tano, mstari wa pili haujatokea, mtoto akaambiwa hana malaria. Subiri dakika zilizoandikwa, na aina nyingi huanzia 15. Jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi: vipimo vingi tunavyotumia vinaweza kuonyesha malaria kwa majuma kadhaa baada ya mtoto kupona. Homa ikirudi ndani ya mwezi, apimwe kwa hadubini. Na kipimo kikisema hapana, dawa ya malaria isitolewe kwa kumridhisha mzazi. Itafutwe nimonia, itafutwe sababu nyingine ya homa.

Dawa mseto ya malaria (ALu) tunaijua wote, ila ratiba yake ndiyo inayovunjika. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kwa mara moja, kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa 2, kilo 25 hadi chini ya 35 hupewa 3, na kuanzia kilo 35 ni 4. Dozi zote ni sita. Dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ya kwanza, na hapo ndipo mambo huharibika: aliyeanza saa 2 usiku anatakiwa kuamshwa saa 10 alfajiri. Mama aliyeambiwa tu “asubuhi na jioni” hatamwamsha. Inayofuata ni saa 2 usiku wa siku ya pili, kisha kila baada ya saa 12 hadi zitimie. Mhudumu aziandike saa hizo juu ya pakiti, kwa kalamu, mama akiona. Dawa hii huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta, na Kigoma hatuna shida hiyo. Maziwa ya mama, uji wa karanga, au maharage yaliyoungwa kwa mawese yanatosha. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi irudiwe. Vidonge viwili vinavyowekwa kabatini kwa ajili ya mdogo wake ni dozi iliyokatwa kwa mtoto mmoja na isiyotosha kwa mwingine. Hapo jirani, Kagera, vimeshapatikana vimelea vilivyoanza kustahimili dawa za kundi la artemisinini, ambazo mojawapo imo ndani ya dawa mseto, kwa hiyo uzembe huu hatuumudu.

Wajawazito: vidonge 3 vya SP, dawa ya kukinga malaria, kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, vimezwe kliniki mbele ya muuguzi, virudiwe kila hudhurio kwa nafasi isiyopungua mwezi, angalau mara tatu. Anayetumia kotrimoksazoli (Septrini) hapewi SP.

Chandarua kipya kitundikwe kivulini siku nzima kabla ya kulalia, la sivyo kinawasha uso na kesho yake kinaachwa. Kifuliwe kwa sabuni ya kipande, bila jiki, kianikwe kivulini. Kwa anayelala chini, kingo ziingie chini ya mkeka pande zote. Mwaloni, mitumbwi inakotua na samaki, kuna ugumu wa peke yake: wavuvi wa dagaa wako ziwani usiku wa giza, na akina mama wanapokea mzigo alfajiri, saa ambazo mbu bado wanauma. Kuwaambia walale mapema hakuna maana. Nguo ndefu na dawa ya kupaka zinawafaa zaidi, na homa yoyote ya mvuvi ipimwe siku hiyo hiyo. Chandarua kinachokokotwa majini kinamaliza vifaranga vya samaki, na familia inabaki wazi. Hilo wenye mitumbwi walizungumze wenyewe kwa wenyewe, wanasikilizana kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Kuhusu mazingira tuseme wazi: kufyeka nyasi na kuokota makopo ni usafi mzuri, ila mbu wa malaria hawatokei huko kwa wingi. Wanapenda maji yaliyotulia na yasiyo machafu: mashimo ya matofali, nyayo za ng'ombe, kingo za mabwawa na majaruba ya mpunga. Chota kwa bakuli jeupe. Kiluwiluwi kinacholala sambamba na uso wa maji ni cha malaria. Kinachoning'inia kichwa chini ni cha mbu wengine. Mashimo yafukiwe Oktoba, tanuri likishachomwa, na mwenye tanuri ndiye afukie. Yasiyofukika yakaguliwe kila wiki, kwa sababu kutoka yai hadi mbu anayeruka kunaweza kuchukua siku 7 tu, na yawekwe kiuadudu cha kibaiolojia, kile kinachotengenezwa Kibaha, kikirudiwa kama kibandiko kinavyoelekeza.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo mganga mfawidhi asome idadi ya waliopimwa na waliokutwa na malaria kwa kila kitongoji, bila majina ya wagonjwa. Watu wakisikia kitongoji chao kimezidi, wanauliza mashimo yako wapi na vyandarua vimekwenda wapi. Vipimo au dawa zikiwa zimeisha, nalo litajwe hapo hapo, na kamati ya zahanati iandike barua halmashauri kabla watu hawajatawanyika.