Ninavyochagua misimbo ya upanuzi wa umio

Nafanya kazi hii nikiwa Kisumu, nikiandaa madai ya bima ya kliniki za Marekani: kila huduma na kila ugonjwa huandikwa kwa msimbo, yaani namba maalumu ambayo bima huitumia kulipa. Madai ya kupanua umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) kwa wagonjwa wanaotatizika kumeza hurudishwa hasa pale mtu aliposoma kichwa cha ripoti tu. Mimi huanza na maelezo ya kile daktari alichofanya.

Kwanza, kamera, yaani mrija wa uchunguzi unaopitishwa mdomoni, ilifika wapi? Ikiingia duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba), misimbo ni ya kundi la 43235. Ikiishia kwenye umio, hata kama ilichungulia sehemu ya juu ya tumbo, ni kundi la 43200. Ikifika tumboni lakini hali ya mgonjwa ikazuia kuingia duodenamu, natumia kundi la 43235 na kuongeza kiambishi 52 nyuma ya msimbo kama hakuna mpango wa kurudia, au 53 kama upo.

Halafu kifaa. Kamera ikiwa imefika duodenamu, baluni iliyopitishwa ndani ya kamera, chini ya milimita 30, ni 43249. Waya wa kuongoza ukiwekwa, kisha vipanuzi vya Savary (mirija ya kupanulia) vikapita juu yake, ni 43248. Baluni kubwa ya akalasia (ugonjwa ambapo misuli ya mwisho wa umio hailegei), milimita 30 au zaidi, ni 43233, na eksirei ya kuongozea imo humo humo, haitozwi kando. Kamera ikiishia kwenye umio, hizo tatu huwa 43220, 43226 na 43214. Kipanuzi cha Maloney kisichotumia waya ni 43450.

Vipimo ndivyo hupoteza wengi. "15-16.5-18", kwa milimita, ni baluni moja iliyojazwa kwa hatua tatu, msimbo unaandikwa mara moja. Savary mara nyingi huandikwa kwa French, kipimo cha unene wa mirija, na French 3 ni milimita 1. Basi French 45 ni milimita 15. Ukiisoma kama milimita, utajikuta kwenye 43233, ambayo ni ya baluni tu.

Upande wa ugonjwa, mfinyo (sehemu ya umio iliyobana) ukionekana naandika K22.2, ugumu wa kumeza ni dalili yake, siuongezi. Daktari akipanua bila kuona mfinyo wala ugonjwa mwingine, nabaki na R13.10, msimbo wa ugumu wa kumeza wenyewe, au R13.14 akitaja sehemu ya koromeo na umio.

Saratani ya umio tunaijua sana huku magharibi mwa Kenya, kwa hivyo neno "inashukiwa" hunishtua. Hata hivyo, kwa mgonjwa asiyelazwa, shaka haipewi msimbo wa C15, ule wa saratani ya umio. Biopsi (kipande kilichokatwa ili kipimwe) naiandika 43239 pamoja na upanuzi kamera ikiwa imefika duodenamu, kisha nasubiri majibu ya patholojia kabla ya kutuma.