Siku moja maishani mwangu: kliniki ya viungo, Kisumu

Saa 12 asubuhi. Boda ananisubiri nje, Nyalenda, akipiga honi kana kwamba mtaa mzima haujasikia.

Saa 2. Mimi ni tabibu, na siku ya kliniki ya viungo foleni hufika nje ya mlango. Wengi benchini walishaambiwa kwingine kwamba ni brusela, ugonjwa wa bakteria kutoka kwa mifugo. Wakameza antibiotiki zikaisha, vidole vikabaki vimevimba vilevile.

Saa 3 na nusu. Anaingia mama anayepasua mbuta kule Dunga. “Daktari, kisu hakishikiki mpaka jua lipande.” Namwomba akunje ngumi, vidole vinaishia njiani. Vifundo vya chini na vya kati vimejaa, mikono yote miwili, na nikibonyeza kwa kidole gumba uvimbe unabonyea, si ugumu wa mfupa. Vifundo vya nchani ni vizima. Kipimo cha damu cha rumatoidi fakta ni chanya, lakini huku kwetu sikiegemei peke yake, maana hata malaria inaweza kukifanya kiwe chanya. Kipimo kingine cha damu, anti-CCP, nakiamini zaidi, nacho pia ni chanya. Baridi yabisi: kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe.

“Na sikuanguka popote! Ugonjwa huu umetoka wapi?”

Ndani ya kiungo kuna utando, na tabaka lake la juu kwa mtu mzima wa afya lina unene wa seli moja hadi tatu tu. Hapo wanaishi makrofaji, seli za kinga, na faibroblasti, seli zinazojenga utando wenyewe. Kwa ugonjwa huu makrofaji humwaga TNF na interlukini-1, protini za kupeleka ujumbe wa uvimbe. Faibroblasti wakizipokea hujibu kwa ujumbe mwingine, interlukini-6, kwa vimeng’enya vinavyokula gegedu, na kwa protini ya RANKL, inayoamsha seli za kutafuna mfupa. Hata mishipa ya damu imo: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli zake huwachochea faibroblasti walio jirani kupitia kipokezi kiitwacho Notch3. Mama nilimwambia kwa lugha ya soko: mmoja anapiga kelele “kanjo!”, yaani askari wa kaunti wanaofukuza wachuuzi, kila mtu anafunga mzigo huku akimpigia jirani kelele, na kanjo mwenyewe hayupo.

Akacheka. “Na siku hiyo ndiyo samaki huibwa.”

Kisu kumshinda asubuhi nako kuna sababu. Interlukini-6 hupanda usiku kuelekea alfajiri, ndiyo maana anaamka mikono imekakamaa.

Saa 5. Dawa. Sindano za diklofenaki anazochomwa dukani hutuliza maumivu, lakini seli zinaendelea kuchocheana na mfupa unaendelea kuliwa. Namwandikia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, miligramu 10, mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Ikimezwa kila siku inaweza kuua. Tunachagua Jumapili, foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara yake, Jumatatu. Asishike mimba akiitumia, chang’aa aache, na damu tutaipima ini na seli kila mara. Naongeza haidroksiklorokwini. “Si hii ni ya malaria?” Ndiyo, ukoo mmoja.

Saa 7. Ugali, omena, jua la Kisumu.

Saa 8. Mwanafunzi anauliza kwa nini tusizuie TNF moja kwa moja. Ndilo walilofanya Marc Feldmann na Ravinder Maini huko London: 1989 waliizuia kwenye seli za viungo zilizokuzwa maabara, interlukini-1 ikashuka, 1992 wakaanza kuwadunga wagonjwa. Dawa hizo zipo, bei yake ndiyo ukuta. Halafu si kila mtu hupona nazo, na mimi nawashuku faibroblasti: ukiwatoa kwenye kiungo na kuwatenga na seli za kinga, bado hubaki na ukali wao. Dawa nyingi tulizonazo hazijawagusa hao.

Saa 10. Mama amerudi na pakiti. Niliandika vidonge vinne vya miligramu 2.5, duka la dawa limempa vya miligramu 10, na juu wameandika vilevile “4”. Nikakata 4, nikaandika 1 kwa kalamu nzito, nikamsomesha mara mbili, kisha nikampigia mfamasia kabla hajamhudumia mwingine.