Kipande cha Mpingo Kilichonaswa Forodhani

Mwezi wa tatu 2018 mwalimu mmoja wa muziki wa Ohio, Marekani, aliniandikia kwamba kipande nilichomtumia hakijamfikia. Kilichomfikia ni barua ya forodha: mzigo umezuiwa, wanataka kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Nilikuwa na karakana ndogo Leicester, Uingereza, natengeneza klarineti, ala ya muziki ya kupuliza. Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kukereza kile kipande kifupi kinachokaa kati ya mdomo wa klarineti na mwili wake. Urefu wake milimita 66, unakifumbata kiganjani, lakini ukikirefusha kidogo tu sauti inashuka na mpigaji anajua hapohapo. Hicho ndicho nilichomuuzia. Kwenye fomu ya posta niliandika kuwa ni kipande cha klarineti cha mbao ya grenadilla, nikatia alama kwamba ni bidhaa iliyouzwa, nikaondoka zangu.

Grenadilla ni jina la wauzaji wa Ulaya. Kwetu Kilwa ni mpingo. Nimekua nao: mti wa miiba, uliopindapinda, nje njano, kiini cheusi kinachokaribia zambarau, ukikitupa majini kinazama. Baba alikuwa mpasua mbao. Alikuwa akisema msumeno ukigusa kiini unabadili sauti, na kweli nilikuwa nikiisikia nikiwa nyumbani.

Sheria yenyewe niliijua nusunusu. Tangu tarehe 2 Januari 2017 karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, ilikuwa chini ya Kiambatisho cha II cha mkataba, orodha ya vitu ambavyo biashara yake huhitaji kibali. Mafundi tulikuwa tunaambiana kwamba mzigo usiozidi kilo 10 hausumbuliwi. Ni kweli, ila msamaha ule ulikuwa wa mizigo isiyo ya biashara, kama mwanamuziki anayesafiri na ala yake. Mimi nilikuwa nimeuza, kwa hiyo uepesi wa kile kipande haukunisaidia kitu.

Kibali huombwa kabla mzigo haujatoka. Kipande kikataifishwa. Nilimrudishia mwalimu pesa zake, naye akasema atangoja kingine.

Fomu ya maombi ilipelekwa Bristol, kwenye ofisi ya vibali vya CITES. Waliuliza jina la kisayansi, nchi ulikotoka mti, na ushahidi kwamba mbao iliingia Uingereza kihalali. Siku nzima nilikaa sakafuni napekua maboksi ya risiti. Jioni nikaipata, ya 2015, wino umefifia, lakini neno Tanzania lilisomeka.

Nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

Nikamsimulia yote. Nilidhani atakasirika pamoja nami, maana mti ni wa kwetu na mtoto wake ndiye anayesumbuliwa. Akanyamaza kwanza.

"Wanauliza umekatwa wapi?"

"Ndiyo baba. Na lini."

"Daraja lilipofunguliwa, malori yalikuwa yanapita hapa Njia Nne usiku kucha, yamejaa magogo. Sikumwona aliyeuliza. Waache waulize."

Alikuwa anasema Daraja la Mkapa, kwenye Mto Rufiji, lililofunguliwa 2003. Kabla yake ilikuwa ni kuvuka kwa kivuko, na mvua ikikolea kusini kunakatika. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Baba alikuwa akiyahesabu malori yale akijua hivyo, na mimi miaka yote sikuwahi kumuuliza.

Kibali kilitoka baada ya wiki kadhaa. Nilikereza kipande kipya, nikapeleka karatasi zigongwe muhuri wa forodha, kisha kibali halisi nikakitia kwenye mfuko wa plastiki na kuubandika juu ya boksi. Kwenye maelezo ya mzigo niliandika Dalbergia melanoxylon, na chini yake, ingawa hakuna aliyenitaka, nikaongeza: mpingo. Safari hii kilifika.

Kuanzia tarehe 26 Novemba 2019 vipande vya ala za muziki vilivyokwisha kutengenezwa viliondolewa kwenye sharti la kibali. Risiti za mbao bado nazitunza, na kila kigogo kinachoingia karakanani nakiandika kwa chaki mwaka na mahali kilikokatwa. Muuzaji asiponiambia mahali, sinunui.